Taa Nne Juu ya Paa

Mama mwenzangu msomaji, usishangae muuguzi kukuandikia habari za nyaya, fyuzi na taa za gari. Mimi mwenyewe kama ningeambiwa hivyo miaka kumi iliyopita ningecheka. Nilijua mambo mawili tu kuhusu gari: kwamba linakunywa mafuta, na kwamba dereva akisema limeharibika hakuna wa kumbishia. Lakini nimesafiri sana katika njia za Tabora, mchana na usiku, na ziko barabara ambazo huwezi kuzisimulia bila kusimulia mwanga uliokupitisha. Basi karibu, tusafiri pamoja.

Jumamosi moja kila mwezi akina mama wachache wa kanisa letu hukutana uwanjani saa kumi na moja alfajiri, kila mmoja amejitanda kitenge kwa ajili ya baridi. Tunapakia mizani ya kupimia watoto, kasha la chanjo tulilokabidhiwa na zahanati, dawa, sufuria la uji na chupa za chai. Tunaomba, tunahesabiana, tunaondoka. Gari letu ni Land Cruiser la zamani, lile lenye viti vya nyuma vya kutazamana, ambavyo vikikunjwa machela inapata nafasi. Juu lina keria ya chuma, na mbele ya keria zimefungwa taa nne za mviringo. Pamoja na mbili za kawaida zinakuwa sita, ndiyo maana watoto wa mtaani kwetu wanaliita Macho Sita.

Safari ninayokusimulia ilikuwa ya mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Tulikuwa na wageni watatu kutoka Singida, akina mama wenzetu, na kwa ajili yao tulichepuka kwanza hadi Kwihara, kilometa chache kutoka mjini, wakaone tembe la Livingstone. Ni nyumba nene ya udongo, paa lake bapa, imejengwa upya mahali pa ile ya zamani, na miembe iko karibu. Ukisimama pale asubuhi kuna ukimya wa ajabu, hata huwezi kuamini kwamba eneo hili lilikuwa na kelele kama soko la leo.

Maana hapa, katika nchi ya Unyanyembe, ndipo misafara ya kutoka Bagamoyo ilipopumzika. Njia moja iliendelea magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika hapa tarehe 7 Novemba 1857 baada ya kusafiri siku 134 kutoka pwani. Sehemu waliyofikia iliitwa Kazeh. Siku 134, mama msomaji! Leo basi linalotoka Dar es Salaam alfajiri linatufikisha nyumbani siku hiyo hiyo, nasi bado tunanung'unika.

Mizigo ilibebwa na watu. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo, na kijana alibeba frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, begani au kichwani. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake. Kwa kawaida walianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Usiku waliuogopa. Walikata miiba wakazungushia kambi, wakawasha mioto, wakakaa ndani mpaka kuche. Ni pale tu maji yalipokuwa mbali mno ndipo walipofanya kitu walichokiita tirikeza: kuondoka tena mchana jua likiwa kali, kutembea mpaka giza liwakute njiani, kulala bila maji, kisha kuamka na kuendelea hadi kisimani. Huko mashariki yetu, kati ya Ugogo na Tura, walipita pori lililoitwa Mgunda Mkali, na jina lenyewe linakueleza. Na pembe za ndovu hazikuwa mzigo pekee uliokwenda pwani. Watu pia walipelekwa, wamefungwa, na sitaki tupite Kwihara tukitazama miembe tu.

Mmoja wa wageni wetu aliuliza kama wanawake nao walikuwemo. Walikuwemo. Wake wa wapagazi walifuatana na waume zao wakibeba vyungu na chakula, wakifika kambini wanapika. Livingstone mwenyewe alikuwa na mpishi aitwaye Halima, ambaye alikuwamo katika safari ile ya mwisho. Alikaa Kwihara mwaka 1872 akisubiri wapagazi, kutoka Machi alipoagana na Stanley hadi tarehe 25 Agosti. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba, watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, walipita tena Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti yake kuipeleka pwani. Kila nikiwa pale mimi humfikiria Halima na vyungu vyake. Na huwafikiria wale wanawake waliopatwa na uchungu wa kujifungua njiani, msafara haujafika majini, na giza limeingia. Hakuna aliyeandika majina yao.

Tulirudi barabara kuu, tukaelekea magharibi.

Kutoka Tabora hadi Urambo ni kama kilometa 90, na siku hizi ni lami. Pande zote ni miombo, ile miti ambayo mwishoni mwa kiangazi huchipua majani mekundu hata kabla ya mvua. Mizinga ya nyuki inaning'inia matawini. Kisha yanaanza mabani ya tumbaku, vibanda virefu vya udongo, na kuni zimepangwa nje. Hapa ndipo kwa Mirambo, yule mtemi aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, hata Stanley akalazimika kuzunguka mbali kusini ili afike ziwani. Mirambo alifariki mwaka 1884. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya kubeba mizigo kwenda na kurudi pwani ikaisha. Lakini reli na lami zinapita pale zinapopita. Vijiji tunavyovihudumia viko ndani, upande wa Ulyankulu, na ukiacha lami hapo unarudi kwenye njia ambayo mpagazi wa Mirambo angeitambua: mchanga wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na mashimo majira yote.

Mchana njia ile ina mbung'o wanaofuata gari na kung'ata kupitia nguo. Usiku ina mambo mengine. Taa za mbele za gari kuukuu zinaonyesha hatua chache tu, na majani yakiwa marefu hufunika kona. Ng'ombe anaweza kuwa amelala katikati ya njia. Matope yakirukia kioo cha taa, mwanga unakuwa kama wa kibatari. Dereva wetu, mzee aliyestaafu kazi ya udereva serikalini na sasa anajitolea, alitueleza mapema kabisa kwamba tukitaka kutoa wagonjwa usiku lazima tuweke taa juu ya paa. Huko juu hazipigwi na vichaka, hazipakwi tope, na zinaona juu ya majani hadi kwenye kona. Akatuonya vilevile kwamba haziondoi kazi ya taa za chini. "Sista," aliniambia, "taa ya chini inakuonyesha shimo kwa kivuli chake. Ya juu inalijaza shimo mwanga, unadhani ni tambarare. Zote mbili zinahitajiana." Jambo hilo sikulisahau.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Wakati ule mimi ndiye nilikuwa mweka hazina wa kikundi. Fundi umeme wa magari, kijana mmoja mpole mjini Tabora, aliandika orodha yake kwenye karatasi ya daftari: taa nne, rilei mbili, fyuzi na vikasha vyake, waya mnene mita kadhaa, vipete vya mpira, swichi. Nilichukua kalamu. Taa zenyewe nilizipitisha, maana zinaonekana. Rilei nikaikata. Waya mnene nikaukata, nikaandika "mwembamba". Fyuzi nikazikata pia. Yule kijana akaniambia kwa heshima, "Mama, hivi si vya urembo." Nikamjibu kwamba hela hii ni ya sadaka ya akina mama wanaouza vitumbua, siyo ya kuchezea. Alinyamaza. Alifanya nilichomlipa akifanye: akaunganisha taa nne kwenye waya wa taa kubwa za gari, kwa waya mwembamba uliopita ndani ya dari, na viungo akavisokota na kuvizungushia tepu nyeusi. Ziliwaka vizuri sana. Tulipiga makofi.

Ziliwaka vizuri kwa miezi minne.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Januari, sasa ni miaka saba. Tuliitwa kwa simu saa mbili usiku. Mama mmoja alikuwa amejifungua nyumbani, mtoto mzima, lakini kondo la nyuma halikutoka na damu ilikuwa inakwenda. Tulikuwa tumelala Urambo kwa ajili ya semina, kwa hiyo tulimfikia kabla ya saa nne. Nikampa sindano ya oksitosini, uniti 10, nikamtoa mkojo kwa mpira, nikasugua tumbo. Kondo likabaki palepale. Nikamwekea dripu mbili, moja kila mkono, tukampandisha garini pamoja na mama mkwe wake aliyempakata mtoto. Mpaka barabara kuu kilikuwa kipande cha kilometa 38, na kutoka hapo hospitali haikuwa mbali. Dereva akawasha taa zote. Njia ikawa nyeupe kama mchana, na mimi nikajisemea kwamba tutafika.

Kilometa ya kumi na mbili, au hapo karibu, nilisikia harufu. Nilidhani ni clutch. Mama mkwe ndiye aliyeinua uso akasema, "Moshi." Ulikuwa unatoka kwenye dari, juu ya machela. Kitambaa cha dari kilikuwa kinageuka kahawia, kisha cheusi, katika mstari mwembamba uliofuata waya. Dereva alisimama, akaruka, akafungua boneti na kung'oa kichwa cha betri kwa mkono uliozungushiwa fulana yake. Taa zote zikazimika. Siyo zile nne tu. Zote sita, maana waya ulioungua ulikuwa umeyeyusha na ule wa taa za kawaida.

Mama msomaji, giza la miombo wakati wa mawingu halina mfano. Sikuona mkono wangu. Niliendelea kusugua tumbo kwa kupapasa, na nilihesabu damu kwa kugusa khanga iliyokuwa chini yake. Nilisikia mtoto akinyonya. Hiyo ndiyo sauti pekee iliyokuwapo, hiyo na dereva akitafuta tochi.

Tulikuwa na tochi mbili. Dereva alirudisha kichwa cha betri baada ya kukata waya ulioungua, gari likawaka lakini bila taa. Mume wa yule mama na mdogo wake wakashuka, wakashika tochi, wakatangulia kwa miguu, mmoja kwenye kila tairi, gari likiwafuata nyuma kwa mwendo wa mtu. Walipofika kwenye shimo walizungusha tochi. Walipofika kwenye tope mmoja aliingia kupima kina. Tulitembea hivyo, msafara wa watu sita na kichanga, mpaka tulipofika kijiji ambako kijana wa bodaboda alikubali kututangulia kwa taa yake hadi barabara kuu. Kipande ambacho kingechukua saa moja na kidogo kilituchukua zaidi ya saa tatu.

Tulifika akiwa hai. Mapigo ya moyo yalikuwa 140, na midomo yake ilikuwa imepauka kama unga. Alitolewa kondo, akapewa damu, akakaa wodini siku nyingi. Alipona. Namshukuru Mungu kila nikikumbuka, na kila nikikumbuka naiona kalamu yangu ikikata lile neno, fyuzi.

Jumatatu nilikwenda kwa yule fundi. Nilitarajia aniambie "nilikwambia", na kama angesema ningestahili. Hakusema. Alivuta kigoda, nikakaa karibu na benchi lake la kazi, akavua dari yote ya gari na kunionyesha. Plastiki ya waya ilikuwa imeyeyuka yote, shaba imebaki uchi.

"Sista," akasema, safari hii akitumia jina la kazini kwangu, "mgonjwa anayetoka damu unamwekea kanula gani?"

Nikamwambia namba 16, ya kijivu, au 18 ya kijani. Siwezi kumwekea namba 22, ya buluu, ile nyembamba. Maji hayatapita kwa kasi anayohitaji.

"Basi na waya ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba maji yakizidi kwenye kanula nyembamba yanapita polepole. Umeme ukizidi kwenye waya mwembamba, waya unapata moto."

Akachukua chaki, akanipigia hesabu kwenye ubao wa mlango. Kila taa ni wati 55. Nne ni wati 220. Ugawanye kwa volti 12 za betri, unapata ampea 18 na kitu. Waya tuliotumia ulikuwa wa kuunganishia spika za redio. Na swichi ndogo ya dashibodi haikutengenezwa kubeba ampea 18, hivyo hata kama waya usingeungua, swichi ingeungua.

Hapo ndipo nilipoelewa rilei. Ni kijisanduku cheusi kidogo kuliko kiberiti, chini kina miguu yenye namba. Mguu wa 30 unapokea umeme moja kwa moja kutoka betri, wa 87 unaupeleka kwenye taa. Miguu ya 85 na 86 ni ya kuamshia: mmoja unatoka kwenye swichi, mwingine unakwenda kwenye bodi ya gari. Ukibonyeza swichi, umeme kidogo sana unaiamsha rilei, nayo inafungua mlango wa umeme mkubwa. Ni kama mkuu wa wodi anayetikisa kichwa tu, na wauguzi wanne wanainua machela. Yeye mwenyewe habebi.

Safari hii sikushika kalamu. Alizigawa taa mbili mbili, kila jozi na rilei yake na fyuzi yake, ili jozi moja ikifa nyingine ibaki. Jozi moja inakula ampea 9 na kidogo, akaiwekea fyuzi ya 15, ambayo rangi yake ni buluu, nasi tulicheka kwamba buluu ya kwake na buluu ya kwangu ni vitu viwili. Fyuzi aliziweka karibu kabisa na betri, kiganja kimoja tu. Nilimuuliza kwa nini isiwe ndani ya gari ambako ni rahisi kuzifikia. Akasema fyuzi inalinda waya ulio mbele yake tu. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi iwezekanavyo. Waya akaweka wa milimita za mraba 2.5, ukipita nje ya dari, ndani ya bomba la plastiki, kufuata nguzo ya kioo. Kila palipotobolewa bati aliweka kipete cha mpira ili ukali wa bati usile waya kwa mtikisiko, kisha akaziba kwa silikoni mvua isiingie. Viungo alivibana kwa vichwa vya shaba, hakusokota hata kimoja. Waya wa kurudi, ule wa ethi, aliukwangulia rangi ya bodi mpaka chuma king'ae kabla ya kuufunga. Alisema nusu ya magari yanayoletwa kwake na taa hafifu hayana ubovu wa taa, yana ethi iliyofungwa juu ya rangi au kutu.

Jambo la mwisho lilimchukua muda. Alitaka taa za juu ziwake tu pale taa kubwa za chini zimewashwa, ili dereva akishusha taa kwa ajili ya gari linalokuja, za juu zizime zenyewe bila kutafuta swichi. Alipogusa waya kwa testa akakuta taa kubwa za gari letu zinakatwa upande wa hasi, siyo wa chanya, kama zilivyo Toyota nyingi za aina ile, ikabidi aigeuze miguu ya rilei. Fundi asiyejua hilo angefunga zikakataa kuwaka, au zikawaka wakati usiotakiwa. Kwa hiyo ukiwa na gari la namna hiyo, mume wako akitaka kuliwekea taa kwa mtu anayepita, mwulize huyo mtu kama ana testa. Kama hana, mpe chai aende zake.

Mambo mawili tulijifunza wenyewe barabarani. Kwanza, taa za juu zinaangaza boneti, na boneti letu lilikuwa jeupe, likawa linampiga dereva machoni. Tuliirudisha keria nyuma kidogo na kulipaka boneti rangi nyeusi isiyong'aa. Halipendezi. Pili, kwenye vumbi au mvua kubwa zizime. Mwanga unagonga vumbi na kurudi, unabaki unatazama ukuta mweupe.

Turudi kwenye ile safari ya Novemba. Tulimaliza kliniki jioni, kijiji kile kile. Watoto 63 walipimwa, wajawazito kumi na mmoja, wawili niliwaandikia waende hospitali kabla ya miezi yao kutimia, mmoja kwa sababu ya presha. Wageni wetu wa Singida walikuwa wamechoka, miguu imevimba. Giza lilikuwa linaingia, na mvua ilikuwa imepita mchana.

Yule mama alikuja kutuaga. Huja kila mara. Alileta mahindi ya kuchoma na asali kwenye chupa ya soda, na mwanawe wa miaka saba, aliyezaliwa usiku ule, alikuwa ameshika upindo wa khanga yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekula mahindi yake na asali yake, na sikuwa nimemwambia. Yeye alijua gari liliharibika. Magari huharibika. Sijui kwa nini ilikuwa siku ile, labda kwa sababu ya kumfikiria Halima asubuhi. Nilimwita pembeni, karibu na tairi la akiba, nikamwambia habari za ile karatasi: fundi aliandika nini, na nani aliyekata.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama juu, kwenye keria.

"Na sasa mmeviweka?"

"Tumeviweka, mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Akanyamaza kidogo. "Hela ilikuwa ya vitumbua," akasema, kama anayepima. Kisha akasema, "Mngekuwa hamna gari je?" Na akanikabidhi chupa ya asali, ambayo ilikuwa bado mkononi mwake. Sikujua kama nimesamehewa au nimeulizwa swali tu. Bado sijui.

Mtoto alikuwa ameshapanda kiti cha mbele. Alitaka kuona macho. Dereva wetu, ambaye hana mjukuu wa kiume, akawasha injini kwanza kwa ajili ya betri, akainua taa kubwa, akamshika kidole na kukiweka kwenye swichi. Uwanja wote ukawaka hadi kwenye mabani ya tumbaku. Na kwa kuwa ilikuwa mvua ya kwanza na ardhi imelowa, kumbikumbi wakatoka. Walikuja kwa maelfu kwenye ule mwanga, wakijigonga kwenye vioo na kuangusha mabawa, na kijiji kizima kikatoka mbio na mabeseni, ndoo, hata masufuria yetu ya uji tuliyokuwa tumeshayapakia. Wageni wa Singida wakasahau miguu yao. Mmoja alivua kitenge akakitandaza chini.

Dereva alitazama saa, akatazama mshale wa joto, akasema dakika kumi tu, kisha tuondoke.

Tulikaa nusu saa.